Nina Miaka 39 na Misimu Mitatu ya Skii: Je, Doria Itanipokea?

SWALI

"Hujambo, kaka. Mimi ni mzaliwa wa Kisii, naishi Brooklyn Park hapa Minnesota, na kazi yangu ni msaidizi wa wauguzi katika nyumba ya wazee. Nilianza kuteleza kwa skii misimu mitatu iliyopita nikimfuata mwanangu, ambaye shule yao iliwapeleka mlimani akarudi hataki kuzungumza habari nyingine. Njia za kijani, zile rahisi, na za bluu, za wastani, sasa nazishuka bila wasiwasi. Zile nyeusi, ngumu zaidi, bado naziogopa. Kila nikienda nawaona watu wa doria ya mlimani, wale wenye jaketi nyekundu yenye msalaba mweupe, wakimshusha mtu kwenye kitanda cha kuburuta, na moyo wangu unanivuta huko. Mume wangu anasema hiyo ni kazi ya watu waliozaliwa kwenye barafu. Je, mtu kama mimi anaweza kujiunga? Inalipwa? Inagharimu nini? Na ni wapi hasa naweza kushindwa?"

JIBU

Dada, unaweza, na sikuambii hivyo ili kukutia moyo tu. Mimi nimezaliwa Marangu. Theluji niliijua kwa mbali, ile inayoonekana juu ya Kibo alfajiri kabla mawingu hayajaifunika, na skii nilizivaa mara ya kwanza nikiwa na miaka 34, hapahapa Minnesota. Leo niko kwenye msimu wangu wa 12 wa doria. Katika timu yetu yumo mwalimu, yumo fundi bomba, yumo mhasibu mstaafu na dereva wa basi la shule. Mwambie shemeji kwamba Philip Boit alikuwa mkimbiaji wa masafa ya kati, Mkenya ambaye hakuwahi kugusa skii hadi 1996, na miaka miwili baadaye alikuwa Nagano, Japani, kwenye Olimpiki akiteleza kilomita 10. Alimaliza wa mwisho, na bingwa mwenyewe, Bjørn Dæhlie wa Norwei, alibaki mwisho wa mbio akimngoja ili amkumbatie.

Boit alikuwa anashindana na saa. Sisi hatushindani na saa wala na mtu, na hapo ndipo wengi wanapoielewa vibaya kazi hii. Wanaona jaketi nyekundu, wanadhani ni ya mabingwa wa kushuka kwa kasi. Kazi yetu kubwa ni kumshusha mtu aliyeumia kwa utaratibu kiasi kwamba hata goti lililoteguka lisitikisike. Kwa hiyo swali la mkuu wa doria atakapokutazama halitakuwa kama unakwenda kasi. Atataka kuona kama unaweza kusimama popote, wakati wowote, kwenye theluji ya aina yoyote, huku mikono yako imeshika kitu kingine.

Niseme kwanza kazi ilivyo. Asubuhi kabla lifti za viti hazijafunguliwa tunapita kila njia: tunachomeka fito za mianzi na kamba pale mizinga ya theluji, zile mashine za kutengeneza theluji, ilipoacha kichuguu, tunaangalia kama nguzo za lifti zimefungwa magodoro yake, tunahakikisha tobogani, vile vitanda vya kuburuta, ziko mahali pake zikiwa na mablanketi makavu. Mchana ni kungoja na kutembea. Kuna zamu utakazomaliza umetoa plasta mbili na kumwongoza mtoto aliyepotezana na mama yake. Jioni taa zikikaribia kuzimwa tunajipanga juu ya mlima na kushuka pamoja tukifagia kila njia, tukiita kwa sauti kwenye miti, ili asibaki mtu.

Halafu kuna zile simu za redio.

Nikusimulie moja. Ilikuwa usiku wa Januari, baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Nilimkuta kijana wa miaka ishirini na kitu amelala ubavu pembeni mwa njia, paja la kushoto limepinda mahali ambapo paja halipindi. Cha kwanza nilivua skii zangu nikazichomeka theluji zikiwa zimepishana kama msalaba, juu yetu, ili wanaoshuka waone na wapishe. Nikapiga magoti upande wa kichwa chake, nikamwambia jina langu, nikamwomba ruhusa ya kumsaidia. Njia ya hewa iko wazi? Anapumua vipi? Kuna damu? Mfupa wa paja ukivunjika, mtu anaweza kupoteza lita nzima ya damu au zaidi ndani ya paja hilohilo bila tone moja kuonekana nje, kwa hiyo ngozi ya uso na mapigo ya moyo nilivitazama kila mara. Wenzangu wawili wakafika na tobogani. Tukaweka banzi la kuvuta, lile linalounyoosha mguu polepole hadi misuli ilegee na maumivu yapungue. Uso wake ulibadilika mbele ya macho yangu; meno aliyokuwa ameyauma yakaachana. Tukaingiza blanketi chini yake kabla ya kumfunika juu, kwa kuwa theluji hunyonya joto la mwili kutoka chini. Kisha tukahesabu, moja, mbili, tatu, tukamwinua.

Hapo ndipo ninapokuja kwako. Wewe kila siku unamgeuza mzee kitandani kama gogo, kichwa, mabega na nyonga vikienda pamoja, mwenzako akiwa upande wa pili, mmoja tu akihesabu. Unajua kumwambia mtu utakachomfanyia kabla hujamgusa. Unajua jinsi mtu mzima anavyoona aibu anapoinuliwa na wengine. Nimewaona vijana wanaoteleza kwa ustadi wa ajabu wakipiga magoti karibu na mgonjwa na kumsahau, macho yao yakiwa kwenye banzi. Hilo la kumwona mtu kwanza ni gumu sana kulifundisha, na wewe tayari unalo.

Cheti chako cha msaidizi wa wauguzi, hata hivyo, hakitakupunguzia masomo. Wanadoria wengi Marekani wako chini ya National Ski Patrol, na chama hicho kina kozi yake ya huduma ya dharura ya nje, Outdoor Emergency Care, ambayo wote tunaiita kwa herufi zake, OEC. Madaktari, wauguzi wenye leseni na wahudumu wa gari la wagonjwa wanaweza kupewa njia fupi ya kuingia kwenye mtihani. Sisi wengine tunakaa darasani. Ni saa 80 hadi 120 kwa jumla, sehemu unasoma mwenyewe kwenye kitabu na mtandaoni, sehemu mnakutana jioni na wikendi kufanya kwa mikono. Kwa kawaida inaanza mwisho wa kiangazi na kumalizika kabla msimu haujakolea. Mwishoni kuna mtihani wa maandishi na wa vitendo: unaingia chumbani au uwanjani, mtu amelala chini anaigiza, na wewe unaanza. Juu ya hiyo unahitaji cheti cha CPR, yaani kumfufua mtu ambaye moyo umesimama, cha kiwango cha watoa huduma, ambacho huenda unacho tayari kwa ajili ya kazi yako. Na kila vuli tunarudi wote kwenye marudio, hata mwenye miaka 30 ya doria. Siku hizohizo tunafanya mazoezi ya kuwashusha watu kutoka kwenye lifti iliyokwama: kamba inarushwa juu ya waya mkuu, mtu anavalishwa kitanzi cha kukalia, anateremshwa taratibu hadi chini. Ukiwa na hofu ya kitabu, iache. Kiingereza chake ni cha wazi, na msamiati wa mwili unaufahamu.

Sasa pale unapoweza kushindwa. Ni kuteleza ubavu.

Unasimama skii zote mbili zikiwa zimekatiza mteremko, kingo zake za juu zimeuma theluji. Unalegeza vifundo kidogo, kingo zinaachia, unaanza kushuka kwa ubavu kama sahani juu ya meza iliyoinamishwa. Unakaza kidogo, unasimama. Maelezo yanaishia hapo, na ndiyo yaliyoniangusha mimi kwenye jaribio langu la kwanza. Nilikuwa najua kukata kona vizuri, nikajiona nimefika. Mkuu wa doria akanipeleka kwenye njia nyeusi iliyoganda, akasema nishuke kwa ubavu wa kulia mita 50 bila kwenda mbele wala nyuma, nibadili, nishuke kwa ubavu wa kushoto. Upande wa kulia niliweza. Wa kushoto ukingo ulinasa, nikaenda chini kwa mgongo hadi kwenye wavu. Nilirudi mwaka uliofuata, baada ya kufanya mwendo huohuo kila nilipopanda lifti, mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Sababu ya kung'ang'ania jambo hili utaiona ukiingia kati ya mikono ya tobogani. Mtu wa mbele husimama kati ya vishikio viwili virefu, mzigo wote uko nyuma yake, juu yake, ukitaka kumpita. Akiwa mgonjwa ana kilo 90, huwezi kukata kona za madaha. Unashuka ubavu, unabadilisha upande, unashuka ubavu tena. Pakizidi ukali unaangusha mnyororo ulio chini ya pua ya tobogani ili ushike theluji na kupunguza kasi. Pakiwa pakali zaidi, mwenzako anashika kamba ya mkia kutoka nyuma, naye pia anateleza ubavu. Baba yangu alikuwa mpagazi wa Kilimanjaro. Kuna siku alirudi nyumbani amechoka kupita siku za mizigo, kwa kuwa walimshusha mtalii mgonjwa kwa machela ya gurudumu moja, mmoja akiongoza mbele, wengine pembeni na nyuma wakiizuia isikimbie. Mara ya kwanza niliposhika kamba ya mkia nilimwelewa kwa mikono. Nilimpigia simu usiku ule, tukazungumza saa nzima kuhusu magoti.

Kwa hiyo wiki zilizobaki za msimu huu zitumie hivi. Acha kukimbilia kushuka njia nyingi. Chagua njia moja ya bluu iliyo kali kidogo, ushuke yote kwa ubavu, kulia kisha kushoto. Ukishaizoea, shika fito zako mbili kwa mlalo mbele ya kifua, mikono isiguse theluji, ufanye tena. Jifunze pia kabari, ile ya visigino nje na vidole ndani uliyofundishwa siku ya kwanza. Wengi huidharau wakiona ni ya watoto, lakini mbele ya tobogani kabari imara kwenye mteremko mkali ni rafiki wa kweli. Nenda siku mbaya. Nenda usiku, nenda theluji ikiwa imeganda kama kioo, nenda Jumamosi njia zikiwa zimejaa watoto wa shule. Njia nyeusi usizikimbie tena. Shuka polepole, simama mara 20 ukitaka, mradi kila kusimama umekuamua mwenyewe. Lipia masomo mawili au matatu na umwambie mwalimu kwa uwazi kwamba unajiandaa na jaribio la doria. Atajua cha kufanya.

Usiuone mlima mdogo kuwa kitu kidogo. Buck Hill pale Burnsville, uliofunguliwa 1954, hauna hata mita 100 kutoka chini hadi juu, na Lindsey Vonn, bingwa wa Olimpiki wa skii, alijifunzia pale. Milima yetu ya Minnesota ni mifupi, migumu, yenye taa za usiku na watu wengi katika nafasi ndogo, na wengi wao wanaanza. Vifundo vya mikono vya vijana wa ubao wa theluji na kano za magoti za wazazi wao ndiyo ajali zetu za kila wiki. Mtu anayejifunzia doria hapa anahudumia wagonjwa wengi mapema.

Kuhusu malipo: hulipwi. Milima mikubwa ya magharibi, Colorado na Utah kwa mfano, ina wanadoria wa kuajiriwa wanaofanya pia kazi ya kulipua maporomoko ya theluji kabla hayajawaangukia watu. Huku kwetu wengi ni wa kujitolea. Unachopata ni kibali cha kuteleza bure msimu mzima, mara nyingi na cha familia pia, na punguzo la vifaa kutoka kwa watengenezaji. Unachotoa ni ada ya kozi, kitabu, ada ya chama ya kila mwaka, mkoba wa kiunoni wa vifaa vya huduma ya kwanza, na katika baadhi ya milima jaketi yenyewe. Tenga mamia kadhaa ya dola kwa mwaka wa kwanza, na uulize mlima wako unachangia nini, kwa maana wanatofautiana sana. (Msomaji mwingine aliye hapa kwa viza ya mwanafunzi aulize kwanza ofisi ya wageni ya chuo chake, kwa sababu kile kibali cha bure kinaweza kutazamwa kama malipo.)

Gharama iliyo nzito zaidi ni muda, na hili lizungumzeni nyumbani kabla hujajaza fomu. Kwetu ni zamu moja kila wiki kuanzia Desemba, pamoja na mazoezi ya tobogani mwaka wa kwanza. Wengine humaliza mafunzo yote kwa msimu mmoja, wengi huhitaji miwili. Najua kazi za nyumba za wazee zilivyo, zamu za usiku, mtu hajafika unaombwa ubaki. Usiahidi usichokiweza. Kuna mlango mwingine ambao wengi hawaambiwi: unaweza kuwa mwanadoria wa chumba cha huduma ya kwanza chini ya mlima, ukiwa umefaulu OEC bila mtihani wa skii wala tobogani. Mimi kwa hali yako ningeingia kwa mlango huo vuli hii, niwe nahudumia wagonjwa chumbani msimu wote huku nikiteleza ubavu siku za mapumziko, kisha nifanye jaribio la mlimani nikiwa tayari sehemu ya timu.

Hukuniuliza habari ya kuwa mweusi mwenye lafudhi katika kazi hii, lakini nitalisema. Itatokea siku utakayopiga magoti karibu na mtu naye akutazame, kisha atazame nyuma yako akimtafuta "mwanadoria". Imenitokea. Mara ya kwanza iliniuma wiki nzima. Sasa najitaja jina, namwambia nimekuja kumsaidia, naendelea na kazi, na maumivu yake humfanya asikilize upesi. Redioni lafudhi si tatizo ukiwa na mpangilio: uko wapi, mgonjwa ana umri gani, ameumia nini, unahitaji nini. Maneno kumi, basi. Nilikuwa nayasema ndani ya gari nikienda kazini hadi ulimi ukazoea.

Na itatokea siku nyingine pia. Kulikuwa na mvulana wa miaka kama 11, amekuja na shule, ameanguka kwenye njia ya watoto, ameukumbatia mkono wake na hajibu neno kwa mwalimu wala kwa mwenzangu. Walidhani amegonga kichwa. Nikaliona jina kwenye kibali chake, nikainama nikamwambia, "Pole sana, baba. Unaumia wapi?" Akanitazama kwa muda. "Huku, ku mukono," akasema, kwa Kiswahili cha kwao Kivu, kisha machozi yakaanza. Kichwa chake kilikuwa kizima kabisa. Alikuwa na hofu tu, na kifundo cha mkono kilichovunjika. Tulizungumza njia nzima hadi chini.

Doria hii yenyewe ilianzishwa na mtu aliyelala kwenye theluji bila msaada. Charles Minot Dole, ambaye wenzake walimwita Minnie, alivunjika kifundo cha mguu huko Stowe, Vermont, mwanzoni mwa 1936, na marafiki zake wakamshusha wakimburuta juu ya bati la kuezekea. Mwaka huohuo rafiki yake Frank Edson alikufa kwa ajali ya mashindano ya skii. Dole akaanza kukusanya habari za majeruhi wa skii nchini, na mwaka 1938 National Ski Patrol ikaundwa. Leo ina wanachama zaidi ya 30,000, na wengi wao wana kazi nyingine kama wewe na mimi.

Sasa ni mwisho wa Januari, na milima yetu hufunga karibu na mwisho wa Machi, kwa hiyo usingoje vuli. Nenda siku ya katikati ya wiki, alasiri, kabla wanafunzi wa jioni hawajafika. Tafuta mlango wenye msalaba, ugonge, umuulize mkuu wa doria kama unaweza kumfuata mwanadoria mmoja kwa zamu moja. Mwambie kazi unayofanya. Sema umewageuza na kuwainua wazee kwa miaka mingapi. Muulize darasa la OEC linaanza lini na jaribio la skii hufanyika lini. Chukua glavu za akiba na chai kwenye chupa, kwa kuwa utasimama sana. Na wakikwambia njoo jioni hii kwenye kufagia mlima, usikatae hata kama miguu imechoka.